Vijana saba wa kijijini: tuombe mkopo wa halmashauri kwa ajili ya parachichi, au tuanze na jambo jingine?

Kijana wa Njombe anauliza:

Kamwene, ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini. Sisi ni vijana saba, wanaume wanne na wanawake watatu, tunaoishi katika kijiji kimoja cha mkoa wa Njombe, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka barabara ya lami wakati wa kiangazi. Wakati wa masika mwendo huo hauhesabiki kwa saa, kwa sababu zipo siku ambazo pikipiki haifiki kabisa. Wawili kati yetu walimaliza kidato cha nne, mmoja alisomea ufundi wa magari akarudi nyumbani baada ya kukosa gereji ya kumpokea, na sisi wengine tuliishia darasa la saba.

Kwa miaka miwili sasa tumekuwa tukikutana kila Jumapili baada ya ibada, kila mmoja anaweka shilingi 2,000, na fedha hiyo tunakopeshana kwa ajili ya mbolea, ada za wadogo zetu na matibabu. Hadi leo tunayo shilingi milioni 1 na laki 3 hivi, na hakuna aliyewahi kukimbia na deni.

Katika mkutano wa kijiji uliopita, afisa maendeleo ya jamii wa kata alitutangazia kwamba halmashauri inatoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya vijana, na akatuambia twende na katiba pamoja na andiko la mradi. Tulifurahi sana. Tumekubaliana kupanda parachichi, kwa kuwa kila upande tunaotazama watu wanapanda parachichi, na baba wa mwenzetu mmoja ameahidi kutuachia ekari tatu. Hata hivyo, wazee wawili tunaowaheshimu wametuambia kwamba fedha hizo huwafikia wale wanaofahamika tu, nao wenzetu wawili wameanza kuzungumzia kwenda Makambako kubeba mizigo, au Dar es Salaam moja kwa moja.

Naomba kuuliza mambo matatu. Je, kikundi kama chetu, kisicho na mtu yeyote mjini, hupata kweli mkopo huo? Je, parachichi ni mradi unaofaa kuombewa mkopo? Na je, mbali na mkopo, halmashauri inawajibika kutusaidia kwa njia gani nyingine? Nitashukuru kusikia hasa kutoka kwa waliokwisha kupita njia hii.

Afisa Mstaafu, Iringa:

Kamwene, mwanangu. Nilifanya kazi ya maendeleo ya jamii katika kata za vijijini kwa miaka mingi, na ninalijibu swali lako la kwanza kwa moyo wote, maana ndilo lililokuwa likiniumiza zaidi nilipokuwa kazini.

Utaratibu huu uko kisheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ni ya vijana na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha kwa sababu fedha nyingi hazikuwa zikirejeshwa na kwa sababu ya malalamiko ya vikundi hewa, kisha ikairejesha katika mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya ulioweka uhakiki mkali zaidi. Kwa hiyo mtakapoona mnaulizwa maswali mengi kuliko walivyoulizwa kaka zenu, msidhani mnachukiwa.

Sasa tuangalie hesabu yenyewe, kwa maana wengi hawaifanyi. Asilimia hiyo hukatwa kwenye mapato yasiyolindwa, yaani yale ambayo halmashauri iko huru kuyapangia matumizi, na haigusi fedha zinazotoka Hazina kwa ajili ya mishahara au miradi. Tuseme halmashauri yenu ina mapato ya namna hiyo ya shilingi bilioni 1 kwa mwaka. Makundi yote matatu yatapata milioni 100, na vijana wa wilaya nzima watapata milioni 40. Vikundi vinne vikiomba milioni 10 kila kimoja, fungu limekwisha, na kikundi cha tano, hata kiwe kizuri namna gani, kitaambiwa kisubiri. Kinachoongezeka hapo ni marejesho ya wale waliokopa kabla yenu tu, na ndiyo sababu kikundi kisichorejesha kinawanyima wenzake wasiofahamiana nao kabisa. Wazee wenu hawajasema uongo, maana upendeleo nimeuona kwa macho yangu, lakini nimeona pia vikundi vingi vikikosa kwa sababu fungu ni dogo, vikarudi nyumbani vikiamini vimedhulumiwa, na mwaka uliofuata havikuomba tena.

Sifa za msingi mnazo: mnafikia idadi ya watu watano inayotakiwa, mna akiba na mna historia. Kinachobaki ni kukisajili kikundi kwa msaada wa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kuandika katiba na mihtasari ya vikao, kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na kila mwanachama kuwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yenye majina yanayofanana na yale ya kwenye fomu. Jambo hilo la majina ninalitilia mkazo, kwa sababu nimewahi kuona maombi yakikaa miezi kadhaa kwa ajili ya herufi moja. Maombi huanzia ngazi ya kata, ndipo yapande halmashauri.

Kuhusu andiko, tafadhali liandikeni wenyewe. Nimesoma maandiko yaliyonakiliwa kutoka kikundi kimoja hadi kingine, na katika moja hata jina la kijiji cha kikundi cha kwanza lilikuwa halijafutwa. Andiko lililoandikwa kwa mwandiko mbaya na mtu anayejua bei ya debe la viazi sokoni kwake lilinishawishi kuliko kurasa ishirini zilizochapwa vizuri kwenye duka la steshenari. Na daftari lenu la Jumapili, lenye jina la kila mmoja, alichoweka, alichokopa na tarehe aliyorejesha, ndilo ushahidi mkubwa kuliko wote mlio nao, hivyo lipigeni nakala mliambatishe.

Swali la parachichi nawaachia wakulima.

Mtunza Hazina, ukanda wa parachichi:

Ndugu yangu, mimi nimelipita hilo, na ninaandika kwa kirefu kwa sababu laiti mtu angetuandikia sisi namna hii tungeepuka mateso ya mwaka mzima.

Kikundi chetu cha vijana tisa kilipata mkopo wa halmashauri miaka michache iliyopita. Tulipanda parachichi aina ya Hass kwenye ekari nne, miche mia tatu na kitu, tukachimba mashimo makubwa, tukaweka samadi na tukazungushia ua wa matete kuzuia mbuzi. Shamba lilikuwa zuri, na viongozi walikuja kupiga picha. Kisha ukafika mwezi wa kuanza marejesho, na miche yetu ilikuwa inafika magotini.

Mti wa parachichi uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kikonyo cha aina nzuri juu ya shina la kienyeji, huanza kutoa matunda kuanzia mwaka wa tatu, na mavuno ya mtu kuyategemea huja baada ya hapo. Mkopo haungoji mwaka wa tatu. Sisi tulijua jambo hilo, kila mkulima analijua, lakini tulipoandika andiko tuliandika mapato ya mti mkubwa, na hakuna aliyetuuliza katikati hapo tutakula nini na tutalipa nini. Tulilipa kwa kuuza mbuzi, kwa vibarua vya kuchuma chai, na mwenzetu mmoja aliuza pikipiki yake. Wawili waliondoka kijijini usiku bila kuaga. Simlaumu mtu, kwa sababu sahihi zilizokuwa kwenye fomu zilikuwa zetu.

Kilichotuokoa kilikuwa kitalu. Dada mmoja wa kikundi chetu alikuwa amejifunza kubebesha miche, akatushauri tukusanye mbegu za parachichi za kienyeji, zile kubwa ambazo watu huzitupa baada ya kula, tukaziotesha kwenye viriba, na shina lilipofikia unene wa penseli tukabebesha vikonyo vya Hass tulivyovikata kwenye miti ya mkulima anayejulikana kwa miti isiyo na magonjwa. Tangu kuotesha mbegu hadi kuuza mche ni karibu mwaka mmoja. Wengi waliokuwa wanaona wivu kwa shamba letu wakawa wateja wetu, na deni likaisha kwa fedha ya viriba.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: pandeni parachichi kwa akiba yenu, kidogo kidogo, miche thelathini mwaka huu na thelathini mwakani, nao mkopo ombeeni kitu kinachorudisha fedha ndani ya mwaka: kitalu, viazi, maharage, kuku, mashine ya kusaga, au chochote ambacho kijiji chenu tayari kinakinunua kutoka mbali. Kama mpo sehemu ya juu inayoelekea Makete, angalieni pia baridi kali ya Juni na Julai, maana usiku mmoja unaweza kuchoma majani ya miche michanga yote. Muulizeni afisa kilimo kama eneo lenu linafaa kabla hamjanunua hata mche mmoja.

Jambo la mwisho ni kuhusu zile ekari tatu za baba wa mwenzenu. Ahadi ya mdomo ni nzuri hadi siku miti itakapoanza kuzaa. Andikishianeni mbele ya serikali ya kijiji.

Mama wa Viazi, Uporoto:

Mwanangu, nimefurahi kuona mabinti watatu kwenye kikundi chenu, na naomba kuuliza kitu ambacho hukukitaja: je, kati yao yuko aliye mwenyekiti, katibu au mtunza hazina? Mara nyingi vijana huandikisha mabinti ili idadi itimie, halafu binti akiolewa kijiji kingine kikundi kinabaki na deni na pengo. Semeni mapema, kwenye katiba, itakuwaje mwanachama akihama. Vikundi vingi vilivyovunjika huku kwetu vilivunjikia hapo.

Kuhusu viazi, kwa kuwa nimevilima tangu nikiwa msichana, ni kweli vinakomaa ndani ya miezi mitatu hadi minne, na kwa hiyo vinaendana na mkopo kuliko parachichi. Lakini viazi vinaweza kukutia umaskini kwa njia mbili. Ya kwanza ni mbegu. Wengi hupanda vile vidogo vilivyobaki ghalani, msimu baada ya msimu, hadi mnyauko unaingia shambani na haurudi nyuma, kwa sababu ugonjwa huo hukaa kwenye udongo. Fungu la kwanza la mkopo liende kwenye mbegu safi, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole hapa Mbeya kina wataalamu wanaojibu wakulima, ninyi ulizeni tu bila aibu. Ya pili ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi anakuja na gunia lililoshonewa kilemba juu, barabara ni ya matope, viazi viko kando ya njia vinaota jua, na kijana mwenye deni hukubali. Mtu mwenye deni ndiye anayeonewa kwanza sokoni.

Kwa hiyo mkiweza kununua mzani wenu, ununueni kabla ya kununua pampu ya kupulizia dawa, ambayo mnaweza kuazima. Sisi wanawake sita tulipoanza kupima wenyewe na kuuza kwa pamoja siku moja kwa wiki, mnunuzi alinung'unika msimu mmoja, wa pili akazoea.

Kijana wa Mbozi:

Naomba kutofautiana kidogo na wakubwa zangu waliotangulia. Kwa nini lazima kiwe kikundi? Mimi nalima kahawa ya marehemu babu yangu, ninaijua kazi yangu, na sitaki deni langu lifungwe kwenye shingo za watu sita ambao sijui wataamkaje kesho. Niliambiwa kwamba kijana mmoja mmoja hakopeshwi, nikalazimika kutafuta watu wa kujaza fomu. Tulikuwa kikundi kwa siku ya fomu tu, na mkopo tuliukosa, jambo ambalo sasa ninalishukuru. Nadhani halmashauri zinapaswa kutufikiria na sisi tunaofanya kazi peke yetu, kwa kuwa mashamba mengi ya vijijini ni ya familia, si ya vikundi.

Afisa Mstaafu, Iringa:

Kijana wa Mbozi, hoja yako ni ya haki, na niliisikia kwa vijana wengi. Utaratibu ninaoufahamu unamruhusu mtu mmoja mmoja kwa upande wa watu wenye ulemavu, na kwa vijana umebaki kwenye kikundi kwa sababu kikundi ndicho dhamana pale ambapo hakuna hati wala nyumba ya kuweka rehani. Hilo linaweza kubadilishwa, na njia yake ni diwani wako kulibeba. Hata hivyo, umeeleza mwenyewe tofauti kubwa iliyopo kati yako na hawa wa Njombe: wewe ulitafuta watu kwa ajili ya mkopo, wao walikuwa pamoja miaka miwili kabla ya kuusikia.

Mjumbe wa Serikali ya Kijiji, Kilolo:

Nimesoma yote, na nasikitika kwamba hadi sasa tumezungumzia fedha zaidi ya ardhi. Kijana wa Njombe aliuliza halmashauri inawajibika kwa njia gani nyingine, nami najibu kwamba aanze na halmashauri ndogo kabisa, ile ya kijiji chake.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria hiyo inawaruhusu watu waliojiunga pamoja kuomba ardhi kwa jina la umoja wao, na inakataza mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi kwa sababu ni mwanamke. Vijana wengi hawajui kwamba wanaweza kuandika barua, kuipeleka kwa mtendaji wa kijiji, ikajadiliwa katika kikao cha halmashauri ya kijiji na kisha ikasomwa mbele ya mkutano mkuu. Kijijini kwetu vijana walifanya hivyo. Eneo waliloomba lilikuwa bonde lililoachwa baada ya mradi wa zamani kukwama, wazee watatu walipinga, mjadala ulichukua mikutano miwili, na mwishoni wakapewa eneo dogo zaidi ya waliloomba kwa masharti ya kutokata miti ya chanzo cha maji. Leo wanalima bustani pale wakati wa kiangazi. Hawakukopa hata shilingi moja kwa ajili ya ardhi.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Ni haki ya kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea kuhudhuria, kuuliza na kupiga kura. Ninaposema hivi ninajua mikutano mingi haitimii, na inapotimia vijana wako shambani, au wamekaa nyuma wakisubiri iishe. Mara nyingi mezani tunajadili miradi ya vijana bila kijana hata mmoja kusimama, kisha tunaandika kwamba vijana walishirikishwa. Sisi wajumbe tunakosea tunapofanya hivyo. Mipango ya kijiji hupelekwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata na kutoka hapo wilayani, hivyo jambo ambalo halikuandikwa kijijini ni vigumu sana kulikuta kwenye bajeti ya halmashauri. Barabara yenu isiyopitika masika, kwa mfano, inahusu kikundi chenu kuliko mkopo: mkivuna viazi Februari na gari halifiki, mzani wa Mama wa Viazi hautawasaidia.

Na kuhusu maneno ya wazee kwamba fedha huwafikia wanaofahamika, ombeni orodha. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi. Mwambieni diwani wenu asome kijijini majina ya vikundi vilivyokopeshwa katika kata, kiasi na hali ya marejesho. Nilipomwomba wa kwetu, alisita, lakini alisoma, na ndani ya wiki mbili kikundi kimoja kilichokuwa kimenyamaza kilianza kulipa.

Fundi wa Mufindi:

Nimeguswa na yule mwenzenu aliyesomea ufundi wa magari, kwa hiyo naongeza jambo moja.

Halmashauri ni mnunuzi mkubwa kuliko sisi sote wilayani. Hununua madawati, milango, vitanda vya mabweni, huduma za usafi na matengenezo, na sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka itengwe kwa makundi maalum, wakiwemo vijana. Kikundi kinapaswa kusajiliwa kwa ajili hiyo kupitia halmashauri, na zabuni hutangazwa na kuombwa kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, unaohitaji intaneti na mtu mwenye subira. Sisi mafundi wanne tulianza na kazi ndogo zaidi, zile za shule zinazojengwa kwa kutumia mafundi wa mtaani, ambazo wengi huziita fosi akaunti. Tulitengeneza fremu za milango kwa mbao za hapa hapa, kamati ya shule ikatuona, na kazi ya pili ikaja bila kuombwa.

Lazima niseme na upande mwingine. Taasisi moja ilituchelewesha malipo kwa miezi mitano baada ya kupokea kazi yetu, na katika miezi hiyo mwenye mbao alikuwa anapiga simu kila asubuhi. Kama tungekuwa na mkopo wenye tarehe, tungeanguka. Tangu hapo hatuchukui kazi ya umma ambayo hatuwezi kuisubiri, na tunahakikisha makubaliano na hati ya mapokezi vimeandikwa na kusainiwa kabla hatujapakua mzigo.

Kijana wa Njombe:

Shikamooni wazee wangu, na asanteni sana kaka na dada. Jumapili tuliyasoma majibu haya kwa sauti, moja baada ya jingine, na kikao ambacho kwa kawaida huisha ndani ya saa moja kilikwenda hadi jioni. Hatukukubaliana katika kila jambo.

Tumeamua kwamba mkopo tutauombea kitalu cha miche ya parachichi pamoja na nusu ekari ya viazi, na shamba la parachichi tutalipanda kwa akiba yetu kwa kadiri tutakavyoweza. Dada mmoja kati ya wale watatu amechaguliwa kuwa mtunza hazina, na katiba imepata kifungu cha mwanachama anayehama, ambacho tulikijadili kwa muda mrefu kuliko vyote: anayehama ataondoka na akiba yake baada ya kukatwa sehemu yake ya deni lililobaki. Baba wa mwenzetu hakukasirika tulipomwomba tuandikishiane. Alisema alikuwa anangoja kuona kama tutamwomba. Amekubali miaka kumi na miwili, mbele ya mtendaji na wajumbe wawili. Barua ya barabara tumeiandika, itasomwa katika mkutano ujao wa kijiji, na mimi nimepewa kazi ya kusimama kuieleza, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya watu wazima.

Mmoja wa wale wawili ameondoka jana kwenda Makambako. Tumemruhusu, naye ataendelea kutuma shilingi 2,000 zake kila wiki kwa simu.

Nina swali moja la mwisho kwa Afisa Mstaafu. Tukifuata hesabu yetu tunahitaji shilingi milioni 3 na laki 2 tu, lakini mtu mmoja wa kata ametushauri tuandike milioni 8, akisema kwamba wanaoomba kidogo huonekana hawana uzito na kwamba kiasi kitakatwa tu. Je, tuandike ngapi?

Afisa Mstaafu, Iringa:

Marahaba, mwanangu. Andikeni milioni 3 na laki 2. Ambatisheni bei za viriba, mbegu, mbolea, madawa na usafiri, kila moja na duka au mtu mtakayenunua kwake, na mwezi ambao kila shilingi itatoka na mwezi itakaporudi. Kamati ikikata, itabidi iseme imekata kiriba kipi. Mkiandika milioni 8 mkapewa milioni 8, hizo milioni 4 na laki 8 za ziada zitatafuta matumizi zenyewe, na mtazilipa kwa jasho kama zilivyo nyingine.

Barua ya barabara isomeni nyumbani mara tatu kabla ya mkutano. Ukisimama, anza kwa kutaja siku ambazo gari halikufika msimu uliopita, na nani alikuwa mgonjwa siku hizo.